Bibi Titi Mohamed, Mbunge wa Rufiji Aliyeanzia Katika Ngoma

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kusini, akishaipita Ikwiriri na kuvuka Mto Rufiji, hufika Nyamwage, mahali ambapo barabara ya Utete huachana na barabara kuu ya Lindi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea safari iliweza kukatika kabisa. Tunayataja haya kwa sababu mwanamke tunayemkumbuka leo aliwahi kuwa Mbunge wa eneo hili lote, delta na bara, katika siku ambazo kumfikia mpiga kura kulikuwa kazi ya mtumbwi na miguu. Sisi Wakatoliki wa huku ni wachache kati ya majirani zetu Waislamu, naye alikuwa mmoja wao. Historia yake, hata hivyo, ni yetu sote.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1926. Alisoma Kurani, kisha akasoma shule kwa miaka michache tu. Aliozwa angali msichana mdogo, kwa mume aliyemzidi sana umri, akamzaa binti mmoja, Halima. Ndoa hiyo haikudumu. Kilichomjulisha mjini kilikuwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Katika nchi nyingine, Uingereza ikiwamo, wapo waliotoka katika utangazaji wa redio wakaingia Bungeni, kwa kuwa wananchi walikwisha kuizoea sauti yao. Kwetu redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951 mikononi mwa Serikali ya kikoloni, na TANU haikuwa na njia ya kuitumia kudai Uhuru. Habari za chama zilipaswa kupita kwa watu, mlango hadi mlango. Vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi, wanachama, michango na desturi ya kualikana. Kwa maoni yetu, huo ndio uliokuwa mtandao wa utangazaji wa TANU, na wanaume wa chama walichelewa kuutambua.

Aliyewazindua alikuwa mgeni. Mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alizuru Dar es Salaam akataka kujua wanawake wa TANU wako wapi. Jibu la kuridhisha halikuwapo. Bibi Titi na mumewe wa wakati huo, Boi Selemani, dereva wa teksi, walikuwa wamekwisha kujiunga na chama, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaongoza wanawake. Akawaendea viongozi wa vikundi vya ngoma mmoja mmoja, nao wakawaleta watu wao. Katika miezi michache wanawake walioandikishwa walifikia maelfu. Baadaye akazunguka majimbo akihutubia, mara nyingi pamoja na Mwalimu Julius Nyerere: huyu Mkatoliki mwenye shahada ya chuo kikuu, yule Mwislamu mwenye elimu ya shule ya chini, katika jukwaa moja.

Baada ya Uhuru alikuwa Mbunge wa Rufiji na waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Kisha ukaja uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo TANU ilisimamisha wagombea wawili kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Rufiji ilimkataa. Hakuwa peke yake, maana hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza. Tusiwalaumu wapiga kura wale. Jina kubwa la mjini halimvushi mtu mto wakati wa masika, na kura ilikuwa haki yao waliyoipata kwa jasho la watu kama yeye.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu nyadhifa zake.

Oktoba 1969 alikamatwa. Katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970, mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, alishtakiwa pamoja na wengine sita, akiwamo Michael Kamaliza aliyekuwa waziri. Upande wa mashtaka ulidai kwamba walikula njama na Oscar Kambona, aliyekuwa London, ili kuipindua Serikali. Shahidi mkuu alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini. Bibi Titi aliyakana mashtaka. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Wengi wetu humwombea Mwalimu, Mtumishi wa Mungu, atangazwe mtakatifu. Lakini haitupasi kuiruka sura hii tunapoyasimulia maisha yake. Mwanamke aliyesimama naye jukwaani alifungwa na dola aliyoiongoza yeye. Hatukuketi mahakamani, wala hatujipi kazi ya kuhukumu upya. Tunajua kwamba mwaka 1972 Mwalimu alimsamehe, akatoka gerezani. Na msamaha huo wa Rais haukumrudishia watu. Marafiki wengi walimkwepa, na jina lake likakaa nje ya hotuba na vitabu kwa karibu miaka ishirini. Mlango wa gereza ulifunguliwa kwa sahihi moja. Milango ya majirani ilihitaji muda mrefu zaidi.

Taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru mwaka 1991, alitajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Barabara yenye jina lake hupita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, walikohutubia pamoja.