WILLIAM SHEPPARD, MTU ALIYEHESABU MIKONO

Jina la William Henry Sheppard lilivuma sana katika Marekani na Ulaya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yafaa sisi nasi tulijue, maana kazi iliyompa sifa hiyo aliifanya huku Afrika, katika Kongo.

Sheppard alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Waynesboro, jimbo la Virginia, mwaka ule ule utumwa ulipokomeshwa katika Marekani nzima. Baba yake alikuwa kinyozi. Kijana alisoma katika chuo cha Hampton, kisha akajifunza uchungaji huko Tuscaloosa, Alabama. Akaliomba kanisa lake la Presibiteri limpeleke Afrika. Wakubwa wa kanisa hawakukubali kumpeleka mtu mweusi bila mzungu wa kumsimamia. Akangoja miaka kadhaa, hata mwaka 1890 akapatikana kijana mzungu, Samuel Lapsley, wakasafiri pamoja. Wawili hao walipendana kama ndugu, na mwaka 1891 wakaanzisha misheni huko Luebo, katika nchi ya Kasai. Mwaka uliofuata Lapsley akafa kwa homa. Basi yule aliyeambiwa kwamba hawezi kazi bila msimamizi akabaki kuiongoza yeye mwenyewe.

Sheppard alikuwa hodari wa kujifunza lugha na desturi za watu. Mwaka 1892 alitaka kufika mji mkuu wa Wakuba, ingawa mfalme wao alikuwa amekataza kabisa mgeni yeyote kuonyeshwa njia. Akatumia akili. Katika kila kijiji alinunua mayai mpaka yakaisha, kisha akawatuma watu wake kutafuta mengine katika soko la mbele, naye akafuata nyuma yao. Alipofika, watu walidhani ni mmoja wa jamaa ya kifalme aliyekufa zamani na sasa amerudi. Akapokewa vizuri, akakaa miezi minne.

Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni, na kijiji kilichokataa kilipelekewa watu wenye bunduki. Ili kuthibitisha kwamba risasi hazikupotea bure, wenye bunduki walikata mikono ya waliouawa.

Mwaka 1899 habari zilifika Luebo kwamba Wazappo-Zapu, waliotumwa na serikali kutoza kodi, walikuwa wakiua watu na kuchoma vijiji. Misheni ikamtuma Sheppard kwenda kuchungua. Alijua kwamba huenda asirudi, lakini akaenda. Kiongozi wa wale watu alimjua, akamkaribisha bila kumficha neno. Sheppard akaona maiti, akaona wanawake wapatao 60 waliotekwa, na juu ya moto akaona mikono iliyokuwa ikikaushwa ili ipelekwe kwa wakubwa wa serikali. Hakupiga kelele, wala hakuukimbia uvundo. Aliihesabu mmoja mmoja. Ilikuwa mikono ya kulia 81. Akaandika aliyoyaona, na habari hizo zikachapishwa katika magazeti ya ng'ambo.

Mwaka 1908 Sheppard aliandika tena katika gazeti dogo la misheni. Alieleza jinsi Wakuba, waliokuwa na nyumba nzuri na mashamba mazuri, walivyodhoofika kwa kulazimishwa kutafuta mpira. Kampuni ya Kasai, iliyoshika biashara ya mpira huko, ikamtaka ayakanushe maneno yake. Akakataa. Kampuni ikamshitaki kwa kuikashifu, na mwaka 1909 akasafiri mpaka Léopoldville, mji unaoitwa sasa Kinshasa, kusimama mbele ya hakimu. Emile Vandervelde, mbunge wa Ubelgiji, alikuja kutoka Ulaya kumtetea bila malipo. Mwezi wa Oktoba Sheppard akashinda kesi.

Hakuwa malaika. Aliporudi Marekani mwaka 1910 alikiri mbele ya kanisa makosa ya maisha yake binafsi, akasimamishwa uchungaji kwa muda. Baadaye alikuwa mchungaji katika mji wa Louisville, Kentucky, mpaka alipofariki mwaka 1927. Huko kwao bado sheria ziliwatenga watu weusi na weupe, na mtu huyu aliyeitikisa kampuni kubwa hakuweza kuketi mahali popote alipopenda.

Ndugu wanafunzi, Sheppard hakuwa na askari wala cheo serikalini. Silaha yake ilikuwa hesabu. Angalisema tu kwamba watu wengi wanateswa, watetezi wa Leopold wangalijibu kuwa ni uvumi. Lakini aliyesema mikono 81, na mahali alipoiona, na mwaka, hakuwa rahisi kujibiwa. Wala hakufanya kazi peke yake: wenzake wa misheni walizitangaza habari zake, na watu wa ng'ambo wakazipeleka mbele. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Dhuluma haikwisha siku hiyo, lakini ule utawala wa mtu mmoja ulivunjika.

Sisi tunafundishwa kuandika na kuhesabu kila siku, na pengine twadhani ni kwa ajili ya mtihani tu. Tumkumbuke Sheppard tutakapoona mtu anadhulumiwa kwa rangi yake au kabila lake. Tutazame vema, tuandike kweli, na tukiambiwa tuifute, tusiifute. Njia ya mwongo ni fupi.