Leo Sternbach, mutu aliyetengeneza Valium

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wa mu kambi, ile dawa ya Valium tunayoiona ku farmasi ina mwenyewe. Jina lake Leo Sternbach.

Alizaliwa mwaka wa 1908 mu muji wa Opatija, ulio leo mu inchi ya Kroatia. Baba yake, Muyahudi wa Polandi, alikuwa na farmasi, na mutoto alikuwa akimusaidia kazi. Leo alisomea ku Kraków, mu Polandi, na mwaka wa 1931 akapata udaktari wa kemia. Pale alishughulika na kemikali za rangi za nguo.

Mwaka wa 1940 aliingia kazi ku kampuni ya Roche, mu muji wa Basel, Uswisi. Wakati ule Wanazi walikuwa wanawawinda Wayahudi. Mwaka wa 1941 kampuni ikamutuma pamoja na bibi yake Herta kule Marekani, ku Nutley, mu New Jersey.

Kisha mwaka wa 1955, dawa ya kutuliza woga iliyoitwa Miltown ikaanza kuuzwa sana mu Marekani. Wakubwa wa Roche nao wakataka ya kwao. Sternbach akarudilia kemikali zake za Kraków. Akatengeneza karibu 40, zote bure. Wakamupa kazi ingine. Mwaka wa 1957, wakati wa kusafisha laboratwari, mwenzake Earl Reeder akaona moja ambayo haijapimwa. Wakaipeleka kupimwa juu ya wanyama: ikawatuliza vizuri. Ndjo ikawa Librium, iliyotoka mwaka wa 1960. Valium, yenye nguvu zaidi, ikafuata mwaka wa 1963. Tangu 1969 mpaka 1982 hakuna dawa ya kuandikwa na munganga iliyouzwa Marekani kupita ile. Na Sternbach? Mbali na mushahara wake, kwa patenti alilipwa dola 1, sawa vile desturi ya kampuni. Sisi wa sendika tunaijua ile hesabu.

Sasa, inafanya kazi namna gani? Ubongo una breki yake, inaitwa GABA. Valium, ao diazepamu, inaongeza nguvu ya ile breki: woga unapunguka, misuli inalegea, usingizi unakuja. Lakini dawa inakawia mu mwili, siku nzima na zaidi. Mutu aliyeimeza usiku anaweza kushika mashini asubuhi na mikono mizito. Akiichanganya na bia ao lutuku, pumzi inaweza kukatika. Akiimeza majuma mengi, mwili unaizoea. Akiiacha kwa mara moja, anaweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa. Aende kwa munganga, aipunguze polepole.

Sternbach alifariki mwaka wa 2005, ku Chapel Hill, akiwa na miaka 97. Dawa yake ni ya kweli. Inasaidia hata leo mugonjwa wa kifafa. Lakini haishikilie paa ya shimo. Ndugu, kama unakosa usingizi juu mwamba ulianguka karibu yako, mwambie munganga, na mwambie délégué wako pia. Kidonge kinatuliza roho ya mutu mumoja. Mwamba ungali unangoja ekipe inayofuata.