Mwambutsa wa Nne: hakimu wa kuzaliwa aliyekutana na sheria ya Wazungu

Mtoto Bangiricenge alikuwa na umri wa miaka mitatu alipotawazwa kuwa Mwami wa Burundi, Desemba 1915, siku chache baada ya kifo cha baba yake, Mutaga Mbikije. Akapewa jina la Mwambutsa, wa nne kuitwa hivyo. Hakuwa amefika umri wa kuchunga hata ndama, lakini kwa mila ya Warundi tayari alikuwa hakimu wa mwisho nchini. Juu yake hapakuwa na wa kukatiwa rufaa.

Chini yake, kila kilima kilikuwa na bashingantahe. Hawa ni watu wazima waliochaguliwa kwa busara na ukweli wao, wakaapishwa mbele ya majirani, pombe ikanywewa, wakapewa haki ya kushika intahe, fimbo inayogongwa chini wakati wa kusikiliza shauri. Mhutu aliweza kuwa mshingantahe, na Mtutsi pia. Mganwa, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, hakuruhusiwa, maana mtawala hakutakiwa kuwa pia sauti ya wanaotawaliwa.

Chukua mtu wa Muyinga wa enzi hizo, aliyenyang'anywa shamba au aliyegombana na bwana wake kuhusu ng'ombe wa ubugabire. Alianza kwa wazee wa kilima chake. Asiporidhika, alikwenda kwa chifu. Bado hajaridhika, alifunga safari ya kwenda ibwami, akivuka mto Ruvubu na kutembea siku kadhaa kuelekea katikati ya nchi. Hapakuwa na karatasi wala wakili, na hapakuwa na ada ya muhuri. Walikuwapo mashahidi na kumbukumbu zao, na hofu ya kusema uongo mbele ya watu wanaokujua tangu utotoni. Haki hiyo haikuwa safi kila mara. Chifu mwenye tamaa alikuwepo wakati ule kama alivyo leo, na mwenye ng'ombe wengi alisikilizwa haraka kuliko asiye nao.

Mwambutsa alikuwa bado mikononi mwa walezi wake, akiwemo Ririkumutima, mjane wa Mwezi Gisabo, pale majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Gitega Juni 1916 na kuwafukuza Wajerumani. Wajerumani walikuwa wamejenga Gitega kuwa makao yao tangu 1912, lakini mambo ya ndani waliyaacha kwa sehemu kubwa mikononi mwa Mwami na machifu. Wabelgiji walikuja na tabia nyingine. Walikuja na vitabu.

Vitabu hivyo vilikuwa na safari ndefu kuliko ya askari waliovibeba. Katika karne ya 6 Kaisari Justinian, kule Constantinople, aliwaagiza wanasheria wake wakusanye sheria za Roma zilizotapakaa kwa karne nyingi. Kazi hiyo ilisahauliwa magharibi mwa Ulaya, ikafufuliwa na walimu wa Bologna kuanzia mwisho wa karne ya 11, ikasambaa katika vyuo na mabaraza ya wafalme, ikachanganyika na mila za vijijini na sheria za Kanisa. Mwaka 1804 Napoleon aliibana kuwa kitabu kimoja kwa Wafaransa. Ubelgiji, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, ikakirithi, na ilipojitegemea mwaka 1830 haikukitupa. Kutoka Ubelgiji kikaenda Kongo ya Leopold wa Pili, ambako amri ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba ilitolewa kwa kufuata mfano huohuo. Sheria ya Agosti 21, 1925 ilipoiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, amri hiyo na nyingine nyingi zikavuka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo Mrundi aliyeuza kahawa kwa mkataba wa maandishi alifungwa, bila kujua, na maneno yaliyopitia Constantinople, Bologna, Paris, Brussels na Boma.

Muyinga ilikaa mahali pa ajabu katika safari hiyo. Zamani za Wajerumani, pande zote za mpaka wa leo zilikuwa koloni moja. Baada ya vita, Waingereza na Wabelgiji wakagawana mwaka 1919, na Bugufi, nchi ya Mwami wa Burundi kwa muda mrefu, ikabaki upande wa Tanganyika, katika Ngara ya leo. Rwanda ilirudishiwa Gisaka yake. Bugufi haikurudi, na Mwambutsa alikua akiwa na ufalme uliokatwa ukingo. Upande wa pili Waingereza wakaleta sheria yao, isiyotokana na kitabu cha kaisari bali na hukumu za majaji zilizorundikana tangu karne ya 12, na kwa mikataba wakatumia sheria waliyoitunga kwa ajili ya India mwaka 1872. Hata sasa mfanyabiashara wa maharage anayepita Kobero anatoka katika familia moja ya sheria na kuingia nyingine. Tanzania, ahadi ambayo upande wa pili hautoi chochote kwa kawaida si mkataba. Burundi, kinachotafutwa ni ridhaa na sababu halali. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, majaji wa familia zote mbili wanaketi meza moja Arusha, na kuelewana kwao ni kazi kubwa kuliko inavyosemwa katika hotuba.

Mwambutsa alianza kutawala kwa jina lake mwenyewe mwaka 1929. Mwaka huohuo Wabelgiji walianza kupunguza machifu, kutoka zaidi ya 130 hadi chini ya 50 katika miaka minne tu. Ilielezwa kuwa ni suala la utaratibu. Matokeo yake ni kwamba machifu wa Kihutu, waliokuwa zaidi ya ishirini mwaka 1929, walikuwa wametoweka wote ifikapo 1945. Nani atasikiliza mashauri ya nani, hilo likabadilika bila kifungu hata kimoja cha mila kuandikwa upya.

Kisha Oktoba 5, 1943 ikaja amri ya kupanga mahakama za wenyeji. Ngazi zikawa tatu: mahakama ya chifu, mahakama ya wilaya, na mahakama ya Mwami juu yao. Mtu wa Muyinga sasa alipata barua ya kuitwa, ada ya kulipa na karani wa kuandika. Mila ya Warundi ilikubaliwa, ila pale ilipogongana na kile Wabelgiji walichokiona kuwa utaratibu wa umma, na waamuzi wa mgongano huo walikuwa wao. Mwami alibaki hakimu mkuu wa wenyeji, lakini hukumu zake zilikuwa chini ya jicho la Rezida wa Kibelgiji pale Gitega. Bashingantahe hawakupewa ngazi yoyote. Waliendelea kuketi vilimani, na watu waliendelea kuwaendea kwanza.

Mfalme mwenyewe hakuonekana kupigana sana na mambo hayo. Alipenda maisha ya kisasa, magari na burudani za Usumbura, na Wabelgiji walimwona mwepesi kuongozwa. Mwaka 1946 aliachana na malkia Thérèse Kanyonga, mama wa Louis Rwagasore, jambo lililowachukiza wamisionari. Wengi walidhani ni mtu asiye na msimamo. Walimkosea, au tuseme walimjua nusu. Mwambutsa alikuwa na subira ya mtu aliyeona Wajerumani wakiondoka.

Rwagasore, aliyezaliwa Gitega Januari 1932, hakuwa na subira hiyo. Alirudi kutoka masomoni Ubelgiji mwaka 1956, akaanzisha ushirika wa wafanyabiashara pamoja na Waswahili wa Usumbura, kisha akawa nguzo ya chama cha UPRONA. Wabelgiji walimwekea sheria mbele: jamaa wa karibu wa Mwami wakakatazwa siasa, na uchaguzi wa wilaya ndogo wa Novemba 1960 ukapita yeye akiwa kizuizini nyumbani. Hata hivyo Septemba 18, 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Rwagasore akawa waziri mkuu. Oktoba 13 alipigwa risasi akiwa mezani katika hoteli moja kando ya ziwa.

Aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Nyuma yake walishtakiwa viongozi wa chama pinzani cha PDC, Jean-Baptiste Ntidendereza na ndugu yake Joseph Birori, wana wa chifu Pierre Baranyanka, pamoja na wengine. Ilikuwa pia vita ya zamani ya koo mbili za kiganwa, Bezi wa Mwambutsa na Batare wa Baranyanka, iliyovaa nguo za vyama.

Kesi ya kwanza iliendeshwa na majaji wa Kibelgiji huko Usumbura, na hukumu ikatoka Aprili 1962. Baada ya rufaa, Kageorgis peke yake ndiye aliyebaki na adhabu ya kifo. Wenzake walipewa vifungo. Kageorgis alipigwa risasi Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Warundi wengi waliona Wabelgiji wamefunga daftari kwa haraka, na kwamba waliopanga wameachwa hai ilhali mtumwa wao amekufa.

Hapo ndipo sheria ya Wazungu ilipogeuzwa na wale iliyoletewa. Burundi huru iliunda Mahakama ya Juu na kuipa uwezo wa kutazama nyuma, kufikia hata kesi zilizokwisha. Oktoba 1962 mahakama hiyo ilifuta hukumu ya Wabelgiji. Hoja yake ilikuwa kwamba washtakiwa walinyimwa haki yao ya kuhukumiwa mbele ya juri, yaani raia wa kawaida wanaoketi kusikiliza kesi pamoja na majaji, haki iliyokuwa katika katiba ya muda ya Novemba 1961. Juri lilitoka Uingereza, likachukuliwa na Mapinduzi ya Ufaransa, likaingia katika katiba ya Ubelgiji ya 1831 ili kumkinga raia na mkono mzito wa dola. Wabelgiji hawakuwahi kumpa Mrundi kinga hiyo katika miaka arobaini na sita ya utawala wao.

Sasa kinga hiyo ikawa mlango wa kitanzi. Kesi ilianza upya, na Novemba 1962 watu watano walihukumiwa kifo: Ntidendereza, Birori, Antoine Nahimana, Jean-Baptiste Ntakiyica na Mgiriki Michel Iatrou. Kanuni mbili za kale za sheria hiyohiyo, kwamba sheria haitazami nyuma na kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja, hazikuwasaidia. Ubelgiji ilipinga. Rufaa zilikataliwa.

Ikabaki kalamu ya Mwami. Katika mila yake na katika katiba mpya ya Oktoba 16, 1962, iliyofuata kwa karibu mfano wa ile ya Ubelgiji, msamaha ulikuwa mkononi mwake. Alikuwa baba wa aliyeuawa. Mshingantahe wa kilima chochote angejiondoa katika shauri la mwanawe mwenyewe, lakini mfalme hakuwa na wa kumwachia nafasi. Hakusamehe. Januari 15, 1963 wote watano walinyongwa hadharani mjini Gitega mbele ya maelfu ya watu.

Warundi hadi leo hawakubaliani kama siku ile haki ilitendeka. Lisilobishaniwa ni kwamba kutoka hapo mahakama iliacha kuwa mahali pa kumaliza ugomvi wa wakubwa. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa Januari 15, 1965, miaka miwili kamili baadaye, na mauaji yake hayakupata hukumu iliyowaridhisha watu. Mei mwaka huo Wahutu walishinda viti 23 kati ya 33 vya bunge. Mwambutsa akapuuza matokeo hayo na kumteua Léopold Biha, mtu wa karibu wa ikulu, kuwa waziri mkuu. Katiba ilikuwa ya mfalme asiyetawala, naye aliisoma kama mfalme wa ibwami. Oktoba 1965 likatokea jaribio la mapinduzi. Mwami akakimbilia Kongo, kisha Uswisi. Nyuma yake mahakama za kijeshi zilipeleka wanasiasa na maafisa wa Kihutu kwenye kuta za kupigiwa risasi, bila juri na bila rufaa ya maana.

Julai 1966 mwanawe mwingine, Charles Ndizeye, alimwondoa kitini, akatawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Novemba mwaka huohuo Kapteni Michel Micombero akaufuta ufalme wenyewe. Ntare aliuawa Gitega Aprili 1972, katika mji uleule wa vitanzi vya 1963, bila kesi yoyote ya wazi.

Mwambutsa alifariki Uswisi Aprili 26, 1977 na kuzikwa katika makaburi ya Meyrin, nje kidogo ya Geneva. Mwaka 2012 kaburi lilifukuliwa. Binti yake na serikali ya Burundi walitaka arudi nyumbani azikwe kwa heshima ya taifa, miaka hamsini baada ya uhuru. Wengine katika ukoo walikataa wakishika wosia wake, ambamo alieleza kuwa hataki mwili wake urudishwe Burundi. Kwa mila, mfalme hana wosia wa namna hiyo, maana mwili wake si mali yake. Majaji wa Uswisi, wanaofuata sheria ya familia ileile iliyotoka Roma, walitazama karatasi na sahihi. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Shirikisho, na hatimaye Mwami Mwambutsa akazikwa tena Meyrin.