Mike Hailwood: Jamaa Aliyeacha Nduthi ya Ushindi, Kisha Akalipwa Asikimbie

Wasee, wacha niwaulize kitu. Uko kwa job poa, unashinda karibu kila wikendi, na hakuna mtu anakukaribia. Halafu kampuni ingine inakuitia doh, lakini kwa mbio kubwa kabisa mashine yao inayumba kama boda imebeba sofa. Unahama ama unatulia?

Mike Hailwood alihama. Leo tunapiga story ya huyu mzungu ambaye mafans walimbatiza Mike the Bike, na vile hiyo move ilimpeleka mbali na pia ikamgharimu.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1940 huko Oxfordshire, Uingereza. Na hii si story ya kutoka mtaani na viatu zimetoboka. Budake, Stan Hailwood, alikuwa sonko wa kuuza pikipiki. Kijana aliacha shule mapema, na Aprili 1957, akiwa ametoka tu kufikisha miaka 17, akaingia mbio yake ya kwanza pale Oulton Park. Alimaliza nambari 11. Ni rahisi kusema alinunuliwa njia, na ni kweli doh ya mzae ilimpatia mashine safi. Lakini doh haikupindii kona.

1961 ndiyo watu walishtuka. Kuna kisiwa kinaitwa Isle of Man, katikati ya Uingereza na Ireland, ambapo mbio za TT hukimbiwa kwa barabara za kawaida. Raundi moja ni karibu kilomita 60, unapita katikati ya vijiji, kuta za mawe na mlima. Ukiteleza, hakuna godoro la kukushika. Hailwood alishinda mbio tatu za TT ndani ya wiki moja, kitu hakuna mtu alikuwa amewahi kufanya. Mwaka huo huo akabeba taji la dunia la 250cc akiwa na Honda.

Kisha akaingia MV Agusta, timu ya Italia iliyokuwa inaogopwa na kila mtu kwa 500cc, darasa la wakubwa. Kutoka 1962 hadi 1965 alibeba taji hilo mara nne mfululizo. Hapo ndipo wengi wetu tungekaa tu, tukule maisha.

Lakini 1965 MV ilimleta kijana Mwitaliano, Giacomo Agostini. Msimu ulipoisha, Hailwood akahamia Honda. Kwa 250cc na 350cc hiyo move ilijipa: mataji manne kwa miaka miwili, 1966 na 1967. Tatizo lilikuwa kwa 500cc. Injini ya Honda ilikuwa simba, lakini fremu haikuweza kuishikilia. Mwendo ukizidi, nduthi ilikuwa inajipinda na kutikisika, na ni Hailwood peke yake aliyeonekana kuiweza.

1966 taji la 500cc likaenda kwa Agostini. 1967 ikawa vita kabisa. Kwa TT hao wawili walikimbizana mpaka cheni ya Agostini ikakatika, na Hailwood akashinda. Raundi yake ya kasi zaidi ilikuwa wastani wa kilomita 175 kwa saa, na rekodi hiyo ikakaa mpaka 1975. Halafu pale Monza, Hailwood akiwa anaongoza na mbio inakaribia kuisha, gia zikamsaliti. Mwisho wa msimu walikuwa na pointi 46 kila mmoja, na ushindi mara tano kila mmoja. Taji lilienda kwa Agostini kwa sababu alikuwa na nafasi za pili nyingi zaidi. Manze, hiyo inauma.

Ngoja, haijaisha. Mapema 1968 Honda ikajitoa kwa mbio za dunia. Ikamlipa Hailwood pesa nzuri ili asiendeshee timu ingine kwa mashindano hayo. Fikiria msee wa miaka 27, ako juu ya kila mtu, analipwa akae nje. Huku Agostini, aliyebaki MV, akaendelea kuokota mataji mpaka yakafika 15. Hailwood alikuwa na tisa.

Akageukia magari. Aliyemchukua ni John Surtees, mtu pekee kuwahi kuwa bingwa wa dunia kwa pikipiki 500cc na kwa Formula One. Hailwood alishinda taji la Ulaya la Formula Two 1972, lakini kwa Formula One hakuwahi kushinda mbio hata moja. Hata hivyo, alichofanya Kyalami, Afrika Kusini, mwaka wa 1973 kinashinda vikombe. Yeye na Clay Regazzoni waligongana, na gari la Regazzoni likashika moto naye akiwa ndani. Hailwood akaingia kumtoa. Nguo zake zikawaka, akazimwa, halafu akarudi tena motoni mpaka wakamtoa jamaa akiwa hai. Uingereza ikamtunuku George Medal.

1974 alipata ajali mbaya Nürburgring na mguu ukaharibika. Formula One ikaishia hapo. Akaenda kuishi New Zealand.

Watu walidhani amezeeka. Lakini 1978, akiwa na miaka 38 na mguu mbovu, alirudi TT baada ya miaka 11. Alikuwa na Ducati ya timu ndogo, dhidi ya Honda ya kiwanda iliyoendeshwa na Phil Read. Na akashinda! 1979 akarudi na Suzuki, akashinda tena, ushindi wake wa 14 kisiwani. Kisha akaning'iniza helmeti.

Machi 1981 alitoka nyumbani na watoto wake wawili kununua samaki na chipsi. Lori lilikuwa linageuka mahali haliruhusiwi, na gari lao likaligonga. Binti yake wa miaka tisa alifariki. Hailwood alifuata siku mbili baadaye, tarehe 23 Machi, akiwa na miaka 40. Dereva wa lori alipigwa faini ya pauni 100.

Kwa hivyo alikosea kuhama? Ukihesabu mataji, pengine ndiyo. Lakini mpaka leo ubishi wa nani mkali kati yake na Agostini haujaisha, na sababu ni ile Honda iliyoyumba. Mashine ilikuwa mbaya, na bado wakamaliza sawa kwa pointi.

Wewe ungefanya nini? Ungebaki MV ukusanye vikombe, ama ungepanda Honda?