James Kirkman: Aliufukua mji wa Gedi, akawapa wengine

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Mombasa kuenda Malindi, basi umepita Gede. Ni pale makanga anapowaita wa Watamu washuke. Wengi hushuka mbio, akili tayari iko ufuoni, wala hawana habari kwamba mwendo mfupi tu kutoka barabarani kuna mji mzima uliomezwa na msitu. Usifikirie vibanda viwili vitatu. Nasema mji: ukuta wa kuuzunguka, msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, makaburi ya mawe, na nyumba zenye vyoo ndani. Eneo lililo ndani ya ukuta ni kama eka 45.

Jamaa aliyeuondolea mji huo vichaka na kuuchimba kwa miaka kumi anaitwa James Kirkman. Ukisoma chochote kuhusu magofu ya pwani yetu, jina lake halikosi. Na ukikaa na wanaoijua historia ya Waswahili, utasikia pia kwa nini jina hilo bado linawachoma baadhi yao.

Kirkman alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1906. Alipofika Gedi mwaka wa 1948 hakuwa kijana tena, alikuwa ameshapita miaka arobaini. Mwaka huo ndio serikali ya kikoloni iliifanya Gedi kuwa hifadhi chini ya idara ileile iliyosimamia mbuga za wanyama. Kwa hivyo Kirkman aliajiriwa kama askari mkuu wa mbuga, ila mbuga yake haikuwa na simba wala ndovu. Ilikuwa na kuta.

Si kwamba alikuwa wa kwanza kuyaona magofu. Wagiriama walioishi karibu waliyajua siku zote. Mwaka wa 1884 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, John Kirk, alifika hapo, na mwaka wa 1927 eneo likatangazwa kuwa la kuhifadhiwa. Lakini kuhifadhiwa kwa karatasi ni jambo moja, na mizizi ya mti inayopasua ukuta wa msikiti ni jambo lingine. Kirkman alikuta miti imeota juu ya vyumba na kuta zimelala chini.

Alikuta pia hofu. Watu wa eneo hilo waliamini kwamba magofu yana wenyewe, mizimu ya wakazi wa zamani ambayo haipendi kusumbuliwa. Ungetarajia mzungu wa enzi hiyo acheke. Hakucheka. Aliandika baadaye kwamba siku za mwanzo naye alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama, si kwa uadui wala kwa urafiki, kinangoja tu. Ukiingia pale saa za jioni, watalii wameondoka na tumbili peke yao wanakuangalia kutoka juu ya mbambakofi, utamwelewa.

Sasa, mji usio na maandishi utajuaje ni wa lini? Hili ndilo lililomfanya Kirkman awe Kirkman. Wareno walifika Malindi mwaka wa 1498 na wakakaa pwani hii miaka mingi, na Malindi ni kilomita kumi na kitu tu kutoka Gedi. Lakini katika maandishi yao yote, Gedi haitajwi. Hata jina lenyewe linadhaniwa limetoka kwa Waoromo waliokuja baadaye. Mji mkubwa hivyo, jirani hivyo, na hakuna aliyeuandika.

Kirkman akaamua kusoma takataka. Vyombo vilivyovunjika ndivyo vilikuwa kalenda yake. Mafundi wa Uchina walibadilisha rangi na nakshi za vyombo vyao kadiri tawala zilivyobadilika, na wa Uajemi na nchi za Kiarabu vivyo hivyo. Kigae cha bakuli la kijani kikipatikana chini, na cha buluu na nyeupe kikapatikana juu yake, tayari una mpangilio: hiki kilitangulia, kile kilifuata. Tabaka kwa tabaka, jembe na karai vikiwa mikononi mwa vibarua wa pwani (majina yao hayasikiki popote, na hilo ni jambo la kusikitisha), akajenga historia ya mji. Kaburi moja lilimsaidia sana kwa sababu limechongwa mwaka wake: 802 wa Hijria, yaani 1399. Karne hiyo ya 14 na ile ya 15 ndizo zilikuwa nyakati nzuri za Gedi. Mwanzoni mwa karne ya 17 watu walikuwa wameshaondoka.

Nyumba alizozifukua alizipa majina kulingana na kilichopatikana ndani. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Halafu kuna Nyumba ya Kauri, na hapa Kiswahili chetu kinatutega, kwa maana kauri ni chombo cha Uchina na pia ni kale kakombe ka baharini kalikotumiwa zamani kama pesa. Nyumba hiyo ni ya hako kakombe. Ile ya bakuli la Kichina iko kivyake. Mimi huyapenda majina haya kuliko sanamu yoyote ya mfalme. Mtu alikuwa na mkasi wake, akahama au akafa, mkasi ukabaki miaka mia kadhaa hadi ukawa jina la nyumba.

Ebu fikiria pia nyumba zenyewe zimejengwa na nini. Gedi haiko ufuoni hasa, iko ndani kidogo, lakini ni mji uliotoka baharini. Mawe yake ni ya matumbawe. Chokaa iliyoyashika ni matumbawe yaliyochomwa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba mno: boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuilazimisha. Seremala wa Lamu atakueleza jambo hilohilo hata leo. Kwa hivyo upana wa chumba cha tajiri wa Gedi uliamuliwa na mti unaoota kwenye tope la Mida. Bahari iliwapa watu hawa samaki, mawe, chokaa, mbao, pesa na barabara ya kuendea Uchina na India, bila wao kuishi kando ya mawimbi.

Maji ya kunywa ndiyo yaliyokuwa kazi. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilionyesha kwamba wenyeji walilazimika kukichimba zaidi, maji yalipokuwa yakishuka chini. Kirkman alilitia hilo kwenye orodha ya mambo yaliyoweza kuuua mji, pamoja na vita vya mwishoni mwa karne ya 16 na msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini. Jibu moja la mwisho halijapatikana. Mimi naona kisima kina ushahidi mzito, kwa sababu vita huisha na watu hurudi, lakini maji yakikatika utarudia nini?

Gedi haikumtosha. Katika miaka ya hamsini alichimba Mnarani kule Kilifi, Takwa katika kisiwa cha Manda, Ungwana karibu na mlango wa mto Tana, na hata Ras Mkumbuu kule Pemba. Kisha akaitwa Mombasa. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa jela tangu 1895. Wafungwa walipoondolewa mwaka wa 1958, Kirkman alipewa kazi ya kuisafisha, kuichimba na kuigeuza makavazi, kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Ilifunguliwa kwa umma mwaka wa 1960. Kwa hivyo ile safari yenu ya shule ya msingi, mkapigwa picha kwenye mizinga na mkanunua barafu nje, kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Aliisimamia hadi 1972.

Sasa tufike penye mwiba.

Kitabu chake cha 1954 kuhusu msikiti mkuu kiliiita Gedi mji wa Waarabu, tena kwenye jalada. Mwaka wa 1964, Kenya ikiwa huru kwa miezi tu, alichapisha kingine kuhusu magofu ya pwani nzima. Humo alisema wazi kwamba majengo hayo si ya Waafrika. Kwake yalikuwa ya Waarabu na Waajemi walioiga Uarabu, ambao damu yao ilichanganyika na ya Waafrika lakini ustaarabu wao ukabaki mbali kabisa nao.

Soma hilo tena polepole ukiwa Mswahili wa Lamu au Mmijikenda wa Kilifi. Babu zako waliishi hapa, walizikwa hapa, lakini nyumba zilikuwa za wageni. Na halikubaki vitabuni. Katika nchi ambayo watu wa pwani bado huulizwa vitambulisho mara mbili na kuambiwa warudi kwao Arabuni, neno la mtaalamu kwamba miji hii ilitoka nje si jambo dogo.

Kinachoshangaza ni kwamba jibu alikuwa nalo mezani. Vigae vingi alivyovichimba Gedi havikuwa vya Uchina wala Uajemi. Vilikuwa vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapahapa. Alivihesabu, akavichora, akavichapisha kwa uangalifu mkubwa. Ila macho yake yalivutwa na bakuli la mgeni, kana kwamba anayenunua sahani za nje anakuwa mtu wa nje. Kwani simu uliyoshika imetengenezwa wapi, na umekuwa raia wa huko?

Waliomfuata ndio walioligeuza jambo hili. Katika miaka ya themanini, Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine ya zamani zaidi, na ile ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Mji ulianza kama kijiji cha Kiafrika, ukakua wenyewe hadi kufikia mawe. George Abungu, Mkenya, alirudi Ungwana na bonde la Tana alikopita Kirkman, akaangalia jinsi mji ulivyoshikana na wakulima na wafugaji wa bara. Baadaye akawa mkuu wa Makavazi ya Kitaifa. Na mwaka wa 2023 yakatoka matokeo ya DNA ya mifupa ya kale kutoka miji ya pwani, Mtwapa ikiwemo: kina mama wa Kiafrika kwa wingi mno, na kina baba wengi wenye asili ya Uajemi, wakichanganyika tangu miaka elfu moja hivi iliyopita. Wazee wa pwani waliokuwa wakisimulia habari za Washirazi hawakuwa wakiota, na waliosema sisi ni watu wa hapa hawakuwa wakijipendekeza.

Kirkman alifariki mwaka wa 1989. Watafiti wanaompinga bado wanatumia ramani zake, michoro yake na hesabu zake za vigae, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuandika kila alichokiona hata kama hakukielewa.

Julai 2024, UNESCO iliiweka Gedi kwenye orodha ya turathi za dunia. Ukienda, na si mbali, usikimbilie jumba la mtawala kama wengine. Anza na kile kisima cha msikiti mkuu, chungulia ndani uone walivyokuwa wakiyafuata maji. Kisha ingia Nyumba ya Mkasi, unyooshe mikono yako miwili upimie upana wa chumba. Huo ndio urefu wa boriti ya Mida.