Mfinyanzi wa Mguu Mmoja Aliyeupima Moto

Wazee wetu wa pwani waliijua thamani ya sahani njema. Zidaka za nyumba za mawe za Lamu zilipambwa kwa vyombo vya Kichina, na kaburi la mnara la Mambrui lilitiwa bakuli za Kichina kama vito vitiwavyo katika pete. Kauri kwetu ni ile simbi ya baharini, na ni chombo hicho cheupe pia. La ajabu ni kuwa Wataliani nao walikifananisha vivyo hivyo, wakakipa jina la simbi. Kila taifa lilikitamani. Mafundi wa Basra, katika karne ya 9, waliupaka udongo wao rangi nyeupe yenye madini ya bati wapate kuuiga weupe wa Uchina. Wajerumani waliifumbua siri yenyewe, wakafungua kiwanda Meissen mwaka 1710. Lakini kauri hiyo ya Ulaya ilikuwa ya wafalme na matajiri.

Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za mtu ambaye, kwa maoni yangu, kuliko mwingine yeyote wa zama zake, aliifikisha sahani safi, nyepesi na iliyo sawa na mwenziwe mezani pa watu wa kati. Mtu huyo ni Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Kiingereza. Nimemchagua kwa ustadi wake, na pia kwa jambo moja linalotuhusu sisi Waafrika, ambalo nitalifikia.

Alizaliwa mwaka 1730 katika mji mdogo wa Burslem, jimbo la Staffordshire, akiwa kitinda mimba wa nyumba yenye watoto wengi. Ukoo wake ulikuwa wa wafinyanzi. Baba yake alifariki mwaka 1739, akamwachia ahadi ya paundi 20 tu, na mtoto akaingia kazini katika karakana iliyorithiwa na kaka yake mkubwa. Hazikupita siku nyingi ndui ikamshika. Alipona, lakini goti la mguu wa kulia liliharibika. Aliyewahi kumtazama mfinyanzi akifanya kazi ajua uzito wa msiba huo, kwani gurudumu la kufinyangia huendeshwa kwa nguvu ya mguu.

Asiyeweza kukaa kwenye gurudumu atafanya nini katika nyumba ya wafinyanzi? Wedgwood aligeukia udongo wenyewe, rangi na moto. Mwaka 1754 aliingia ubia na Thomas Whieldon, fundi aliyekuwa na sifa kubwa katika nchi ile, na mwaka 1759 akaanza kuandika daftari la majaribio yake. Kila jaribio lilipewa namba, na viungo vyake vikaandikwa kwa alama za siri ili washindani wasipate kuvisoma. Mwaka huo huo alifungua karakana yake mwenyewe.

Chombo cha kwanza kilichomtajirisha hakikuwa kauri hasa. Kilikuwa cha udongo mweupe uliochanganywa na jiwe la gumegume lililochomwa na kusagwa, kisha kikapakwa utando wa kioo wenye risasi. Rangi yake ilikuwa kama ya malai, nacho kilikuwa chepesi na chenye bei ya kiasi. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza vyombo vya chai, na Wedgwood hakulala: akakiita chombo chake kwa cheo cha malkia, na watu wa kawaida wakakimbilia kununua sahani zenye jina la kifalme. Mtu huyu alijua biashara. Mwaka 1771 aliwapelekea wakubwa wa Ujerumani vifurushi vya vyombo ambavyo hawakuviagiza, akingojea walipe au warudishe!

Mapambo hakuyaacha kwa mchoraji peke yake. Alipeleka vyombo vyake Liverpool kwa Sadler na Green, mafundi waliotumia namna ya kuchukua picha kutoka bamba la shaba kwa karatasi na kuibandika juu ya chombo. Mwaka 1756 mabwana hao walichapa vigae zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa sita. Ndani ya karakana yake alileta kerezo la kuchonga nakshi, na kwa kuwa barabara zilikuwa mbovu na vyombo vilivunjika juu ya migongo ya farasi, alipigania kuchimbwa kwa mfereji wa mashua, akafukua sepetu ya kwanza mwaka 1766.

Mwaka 1768 goti lilimshinda, mguu ukakatwa. Dawa ya kulaza mgonjwa ilikuwa haijajulikana, alikaa kitini. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Juni 1769, alifungua kiwanda chake kipya, Etruria, kando ya njia ya mfereji ule. Siku hiyo Wedgwood alifinyanga vyombo sita kwa mkono wake, na aliyemzungushia gurudumu alikuwa mbia wake, Thomas Bentley. Katika maisha yake yote, hapo ndipo ninapopapenda zaidi.

Etruria haikuwa karakana ya kale. Mmoja alikanda, mwingine akafinyanga, mwingine akakereza, mwingine akapaka, na kengele ikawaita wote kwa wakati mmoja. Alitaka sahani ya elfu iwe sawa na ya kwanza. Kutoka hapo zilitoka seti ya Malkia Catherine wa Urusi mwaka 1774, vyombo zaidi ya 900 vyenye picha zaidi ya 1,200 za Uingereza, kila kimoja na chura wa kijani; na kile chombo kigumu cha samawati chenye sura nyeupe, kilichomchukua maelfu ya majaribio. Nyumba za wafanyakazi alijenga, lakini nisimpambe kupita kiasi. Risasi iliwadhuru waliochovya vyombo, na fundi aliyezoea kukitengeneza chombo toka mwanzo hata mwisho sasa alikuwa na kipande chake tu. Mwaka 1783 watu wenye njaa waliiteka mashua ya chakula mferejini karibu na kiwanda. Askari waliitwa, mtu mmoja akanyongwa, na Wedgwood akaandika kijitabu cha kuwaonya vijana.

Lakini adui mkubwa wa mfinyanzi ni joko. Kwa maelfu ya miaka fundi alichungulia tunduni, akaitazama rangi ya moto, akakisia. Akikosea, kazi ya majuma ilipotea usiku mmoja. Wedgwood aligundua kuwa udongo fulani hunywea kadiri moto unavyozidi. Akatengeneza vipande vidogo vya udongo huo, vyote sawa, akavitia jokoni. Vilipotolewa na kupoa alivisukuma katika mfereo unaozidi kuwa mwembamba wenye alama za vipimo. Kipande kilichonywea zaidi kilikwenda mbali zaidi, na alama ilikuwa ndiyo nguvu ya moto. Mwaka 1782 alikipeleka kipimo hicho mbele ya wataalamu wa Jumuiya ya Kifalme mjini London, na mwaka 1783 wakamfanya mwenzao, yeye aliyeacha masomo akiwa mtoto. Baadaye ilionekana kuwa hesabu yake ya kulinganisha na vipimo vya kawaida iliukuza mno moto. Hata hivyo joko la leo na joko la kesho sasa liliweza kulinganishwa kwa namba.

Kauri hasa hakuitengeneza maishani mwake. Kiwanda chake kilianza kuitoa mwaka 1812, mikononi mwa wanawe, na mwaka 1940 kazi ilipohamia Barlaston majoko yakawa ya umeme.

Sasa lile jambo letu. Vikombe vya Wedgwood vilinywewa chai yenye sukari, na sukari hiyo ilitoka visiwa vya Karibi, ilikolimwa na watumwa wa Kiafrika. Yeye mwenyewe aliuza mabakuli ya sukari, naye aliona aibu iliyokuwamo. Mwaka 1787 aliingia kamati ya kupinga biashara ya watumwa, na kiwandani mwake kukatengenezwa nishani ndogo: Mwafrika mweusi amepiga goti katika minyororo, na juu yake maandishi yanayodai utu na udugu wake. Zilitolewa bure. Wanaume walizitia katika visanduku vya ugoro, wanawake wakazivaa kwenye vikuku na nywele, na mwaka 1788 alimpelekea Benjamin Franklin, Marekani, kifurushi chake. Nakiri kwamba sura ya mtu aliyepiga goti hainipendezi. Wengi wa watu wetu waliutafuta uhuru wao wakiwa wamesimama. Lakini tajiri aliyetumia mbinu zake zote za biashara bila kutaka faida, hilo nalihesabu.

Alifariki tarehe 3 Januari 1795. Uingereza iliipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, soko la Unguja likafungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria hapa pwani ya Kenya mwaka 1907, wakati yeye alikuwa kaburini miaka 112.