Nevill Mott na Siri ya Metali Zilizochanganywa



Sisi tuliotoka Muyinga kuja kusoma Gitega tumezoea kuisikia nikeli ya Musongati ikitajwa kama mali. Leo namtaja mtu aliyeitazama nikeli kama swali.

Nevill Mott alizaliwa Leeds, Uingereza, mwaka 1905. Mwaka 1933, kabla hajatimiza miaka 30, alikuwa profesa wa fizikia Bristol. Huko alishughulika na jambo hili: nikeli huvutwa na sumaku, shaba haivutwi. Je, ukiziyeyusha pamoja?

Katika metali safi atomi zote ni sawa, na hilo hurahisisha hesabu. Aloi ni kama safu za swala ya Ijumaa: safu zimenyooka, lakini nani kavaa kanzu nyeupe na nani ya rangi, hakuna utaratibu.

Mott alirahisisha. Alizichukulia elektroni zote kama za hazina moja. Kila atomi ya nikeli ina wastani wa nafasi tupu 0.6 hivi, na kila atomi ya shaba huleta elektroni moja zaidi. Basi shaba ikifika kama asilimia 60, nafasi hujaa na usumaku hutoweka. Vipimo vilikubaliana naye. Mwaka 1936 yeye na Harry Jones walitoa kitabu mashuhuri juu ya metali na aloi.

Miaka ya 1960 vipimo vya elektroni zinazong'olewa na mwanga vilionyesha kuwa hakuna hazina moja: shaba na nikeli kila moja hubaki na tabia yake. Mwaka 1967 Paul Soven alitoa njia ya kukokotoa atomi ya wastani inayoheshimu tofauti hiyo. Hesabu nyingi za aloi zinazofanywa leo kwa kompyuta zinaitegemea.

Mott, akiwa amepita miaka 60, alikuwa amegeukia vitu visivyo na mpangilio kabisa, kama kioo. Mwaka 1977 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Philip Anderson na John Van Vleck. Alifariki mwaka 1996.

Ninalolichukua mimi ni hili: jibu kuafikiana na kipimo hakuthibitishi kwamba tumekielewa kitu. Tulishike, maana kesho huenda sisi ndio tutakaoipima nikeli yetu.

Wabillahi tawfiq.